Kijapani cha Gari la Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Ubao wa matangazo, korido ya chini, saa nne asubuhi. Karatasi ya kijani. Chuo kimoja cha Japani kinachukua mwanafunzi mmoja kutoka chuo chetu, mwaka mzima, kuanzia Septemba, akasomee ufundi wa magari. Mmoja! Nimesoma mara mbili. Nikajitazama kwenye kioo cha sanduku la zimamoto. Ni mimi huyo. Hata nywele zimekaa kama za mtu anayesafiri.

Hatari: wengine nao watasoma. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikaling'oa tangazo nikalitia ndani ya daftari. Darasa letu lina watu arobaini na wawili. Sasa mwenye habari ni mmoja.

Jioni nikamweleza Mama. Nilitaka kusema naomba nafasi. Mdomo ukasema nimepata. Mama akasimamisha cherehani, jambo ambalo hafanyi hata mvua ikiingia ndani. Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akapiga vigelegele, pini zote zikiwa bado kwenye nguo. Haikupita saa moja jirani wa kwanza alikuwa mlangoni na pongezi. Wa nne alikuja na orodha ya vitu nitakavyomletea.

Si uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo.

Nimefungua daftari nilisome tena tangazo langu. Limechanika! Nusu ya chini, yenye masharti yote na tarehe ya mwisho, imebaki ubaoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika chuoni kabla ya mlinzi kuamka. Ubao mtupu. Mama wa usafi anasema alikuta kipande cha karatasi kinaning'inia, akakitupa, maana yeye hapendi uchafu. Nikamsifu. Ningefanya nini?

Aliyekuwa na masharti ni mtu mmoja tu, tena mbaya kuliko wote. Kamusi. Ni yule binti anayekaa mbele kabisa. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna neno asilolijua, na asipolijua analiandika. Tangazo zima alilinakili tangu Jumamosi.

Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayepiga soga, kama amesikia habari ya kitu fulani, mahali fulani, chenye tarehe fulani. Akafungua daftari. Tarehe kumi na nne. Barua ya mwalimu, insha, mdhamini, Kijapani cha kuanzia. Akaninakilia yote kwa mwandiko wake ulionyooka kama uliopigwa chapa. Kisha akauliza kama namjua aliyechana tangazo. Nikasema upepo. Akaitazama ile korido, haina dirisha hata moja.

"Upepo mkali, kaka," akasema.

Mtu hamsaidii mpinzani wake bure. Huu ni mtego. Nimekwenda kuhakikisha kwa karani wa mkuu wa chuo, nikakuta kila neno ni kweli. Mtego wa hali ya juu sana.

Jumatano, 5 Machi

Leo Kijapani.

Mjomba, kaka yake Mama, anauza magari yaliyotumika, kwenye uwanja ulio nyuma ya kituo cha mafuta. Yanatoka Japani na yamekuja na lugha yao. Ukiwasha lile dogo la kijivu, kuna mwanamke ndani ya redio anaanza kuongea, maana kazi yake ni kumwelekeza dereva njia. Wanunuzi wote huuliza anasema nini. Mjomba huwajibu kwamba anawakaribisha.

Nani anahitaji mwalimu? Nikaingia saa saba mchana, ufunguo umezungushwa nusu, daftari gotini. Nikabonyeza vitufe mpaka nikapata kimoja kinachomfanya aamini gari linatembea, basi akanizungusha mitaa ya kwao huku gari limesimama pale pale kando ya banda la matairi. Hadi saa kumi na moja nilikuwa na sentensi kumi na moja. Maana sizijui. Lakini matamshi! "Mamonaku, migi hoko desu." Nimeisema mara mia. Fundi wa matairi amenivulia kofia.

Mjomba akaja na mnunuzi. Akalisifu gari vizuri, akampa ufunguo. Gari likasema tik. Likasema tena tik. Betri nimeimaliza. Mnunuzi akaondoka kwa miguu, anacheka.

Mjomba hakunifokea. Alinitazama tu, akasema, "Mpwa wangu, ungekuwa spea ningekurudisha dukani."

Ijumaa, 7 Machi

Barua ya mwalimu. Mwalimu wa injini hanijui jina. Miaka miwili ananiita "wewe wa dirishani". Mpango: nimwoshee gari bila kuombwa, anikute katikati ya wema.

Nikaosha nje. Nikaosha ndani. Nikafungua boneti nikaosha na injini, kwa bomba la maji, kwa upendo. Saa tisa alasiri mwalimu wa injini alisukumwa na wanafunzi wake mwenyewe hadi getini, na mimi nikiwa nyuma kabisa, viatu vinateleza.

Barua nimepata. Jina langu sasa analijua kikamilifu, hata la babu. Mistari miwili: "Kijana huyu ana bidii nyingi. Nashauri bidii hiyo isimamiwe kwa karibu." Neno bidii limo mara mbili! Ya Kamusi ina kurasa mbili, lakini nani siku hizi anasoma kurasa mbili.

Jumapili, 9 Machi

Mama amenishonea koti.

Nje ni kitambaa kizito cha pazia, cha kahawia. Ndani ameweka blanketi langu la utotoni, lile la mistari, nililokuwa nikijifunika hadi kichwani radi ikipiga. Alinisimamisha juu ya kigoda, jua la mchana linachoma bati, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Yeye pini mdomoni, ananizunguka. Alisema amesikia huko theluji inafika magotini. Alisema mtu yeyote akiliona koti hili atajua kijana huyu ana mama.

Nikataka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Nikauliza kama mifuko itakuwa miwili.

Akasema mitatu. Mmoja wa siri.

Sasa lazima nishinde. Sina njia nyingine.

Jumanne, 11 Machi

Insha: kwa nini unataka kusoma Japani. Kamusi ameniomba nipitie yake, kama ina makosa. Mimi! Nikakubali, kama jasusi.

Makosa haina. Baba yake ni fundi wa malori. Miaka sita iliyopita alikuwa anatumia mashine ya kunyanyulia magari iliyokuwa na maandishi mekundu ya Kijapani ubavuni. Hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Mashine ikashuka, ikaondoka na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia. Kamusi akayanakili yale maandishi, akakaa wiki tatu maktaba akiyatafuta alama moja moja. Yalisema: Usiweke mkono hapa. Anataka aende akajifunze, arudi ayaandike upya maonyo ya kila mashine ya mji huu, kwa Kiswahili.

Nimemrudishia. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za karakana. Nilijiona mdogo kama skrubu iliyodondoka chini ya benchi. Hali hiyo ilidumu kama dakika kumi.

Halafu nikaandika yangu. Mjomba wangu amepoteza vidole vitatu.

Ijumaa, 14 Machi

Mdhamini lazima asaini fomu mbele ya mratibu wa masomo ya nje. Hili Kamusi alikuwa ameliandika, mstari wa saba. Mimi sikuwa nimefika mstari wa saba.

Nikamchukua Mjomba. Mratibu ni mama mtu mzima aliyesoma Japani ujanani mwake. Anaongea polepole na hakuna kinachompita. Akaisoma insha yangu sisi tumekaa. Akavua miwani. Akamgeukia Mjomba.

"Pole sana kwa vidole, kaka."

Mjomba akaitazama mikono yake. Viganja. Akaigeuza, akatazama na nyuma. Nilimwona anahesabu. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani. Ndipo yule bwana, Mungu ampe maisha marefu, akatia mkono wa kushoto mfukoni.

"Ahsante, dada," akasema. "Tumeshazoea."

Fomu ilikuwa na kurasa nne na feni ilikuwa inazipeperusha zote. Alisaini kwa mkono mmoja, amezikandamiza kwa kiwiko. Kwenye ukurasa wa mwisho kalamu ikamponyoka. Akaidaka hewani. Kwa mkono wa kushoto. Vidole vyote vitano.

Mratibu alivaa tena miwani. Aliandika neno kwa penseli pembeni ya insha.

Njiani Mjomba aliendesha mpaka kwenye taa za barabarani. Zilipokuwa nyekundu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa, "Ni vipi na vipi, hivyo vitatu?"

Jumanne, 18 Machi

Majina ya walioitwa kwenye usaili yametoka. Wawili: Kamusi na mimi. Nikaruka juu kwa furaha. Kisha nikauliza waliomba wangapi.

Wawili.

Wale wengine hawakuliona tangazo. Kwa mikono yangu mwenyewe nimewaondoa arobaini ambao ningewaweza, nikajibakishia yule mmoja nisiyemweza.

Kamusi amependekeza tufanye mazoezi pamoja. Nikakataa. Silaha zangu ni kumi na moja na hatazisikia hata moja. Akasema basi walau nishike neno moja la kunisaidia nikikwama: wakarimasen. Maana yake sielewi. Nikamshukuru kwa adabu zote. Nani anakwenda kwenye usaili kutangaza kwamba haelewi? Anataka kunizamisha, tena mchana kweupe.

Alhamisi, 20 Machi

Leo usaili.

Ofisi ya mratibu. Kompyuta juu ya vitabu viwili. Kwenye kioo chake wanaonekana watu wawili kutoka huko: mwalimu mama mwenye mvi, na mwalimu kijana aliyefunga tai. Mimi nimevaa koti la Mama, waone kwamba nimejiandaa. Feni imeharibika.

Mama mwenye mvi akainamisha kichwa. Na mimi nikainamisha, paji likagonga meza. Akauliza jambo kwa Kijapani. Nikajua ndio wakati wangu. Nikatoa ya kwanza.

"Mamonaku, migi hoko desu."

Mwalimu kijana akakaa wima. Nikatoa ya pili, nikatoa ya tatu, zinateleza kama zimepakwa grisi. Mama mwenye mvi akafunika mdomo kwa mkono. Nimewagusa! Nikamalizia na ile ndefu, niipendayo kuliko zote, ambayo yule mwanamke wa garini huisema kwa sauti ya kuagana. Mwalimu kijana akatoweka kwenye kioo. Kilibaki kiti kinazunguka.

Mratibu akakohoa. Akanieleza, kwa upole kabisa, nilichosema. Nilikuwa nimeombwa nijitambulishe. Nami nimewajibu kwamba punde tu wakate kulia. Kwamba mbele kuna msongamano wa kilomita mbili. Kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Na kwamba wamekaribia wanakokwenda, hivyo maelekezo yameishia hapo.

Laiti sakafu ingefunguka!

Mwalimu kijana akarudi, macho mekundu, akataka kujua nimejifunzia wapi. Nikasema ukweli, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine karibu: garini, saa nne mfululizo, mpaka betri ikafa. Mama mwenye mvi akaacha kucheka. Akasema maneno marefu, na mratibu akatafsiri. Amefundisha wageni miaka thelathini, na hajapata kukutana na mtu anayetamka vizuri namna hii kitu asichokijua. Akasema sikio kama hili lingepata mwalimu lingefika mbali.

Nikavimba kichwa. Hapo hapo akaulizia hali ya mjomba, na vidole vyake vitatu.

Koti lilizidi kuwa zito. Mratibu alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Wakarimasen," nikasema.

Akaandika tena. Safari hii kwa wino.

Jumanne, 25 Machi

Kamusi.

Jina langu liko chini yake: mwombaji wa akiba. Kama tairi la buti.

Nikarudi nyumbani kwa njia ndefu. Mama alikuwa anashona sare za shule. Nikasema kuna jambo nataka kumwambia. Hakusimamisha mashine.

"Najua, mwanangu. Nimejua tangu wiki ile ya kwanza."

Kumbe Kamusi alileta sketi kukunjwa pindo. Mama akamuuliza mwanangu anasafiri lini, naye akashtuka kidogo, akasema bado tunaomba, mama, sote wawili, na kwamba mwanao anajitahidi sana. Mama akamkunjia pindo, akanyamaza. Majirani wakiuliza anawaambia safari imesogezwa. Imesogezwa mpaka lini, hawaambii.

Nikauliza, sasa lile koti lilikuwa la nini?

Akakata uzi kwa meno. Akasema alitaka tu anione nitakavyosimama, siku nitakapokuwa na pa kwenda.

Nikatoka nje kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka.

Alhamisi, 27 Machi

Wa akiba husafiri kama wa kwanza akishindwa. Ni kanuni, sikuitunga mimi. Kwa hiyo siku hizi namwangalia sana Kamusi. Jana alipiga chafya mara mbili. Niliona vibaya kuhesabu, lakini nilihesabu.

Leo saa sita na nusu mchana mratibu akanikuta kwenye korido. Jina la baba yake Kamusi kwenye fomu na kwenye cheti cha kuzaliwa limetofautiana herufi moja. Baba mwenyewe lazima aje asaini kiapo kabla ya saa tisa. Saa tisa faili linatumwa Japani, na lisipokuwa la Kamusi litakuwa langu. Simu ya Kamusi haipatikani, kwa sababu ni zamu yake ya mtihani wa vitendo karakana, na huko simu hukusanywa mlangoni. Akaniomba nimfikishie habari. Alinitazama kidogo aliposema hivyo. Kisha akaingia ofisini, akafunga mlango.

Herufi moja!

Nikanunua soda, nikakaa nayo kwenye benchi. Mpango huu ni mwepesi kuliko yote niliyowahi kupanga. Ni kukaa tu. Hautaki betri, hautaki maji. Dakika arobaini nilikaa. Nikajiona ndani ya ndege na koti langu. Nikajaribu kuiwaza theluji. Haikuja. Kila nikifumba macho nakuta ubavu wa mashine, na maandishi mekundu, na binti wa miaka kumi na tano anayanakili alama moja moja.

Soda ilipata moto mkononi sijainywa.

Saa saba na robo niligonga mlango wa karakana kama mwenye wazimu. Mwalimu wa injini akafungua, akauliza nimeosha nini tena.

Kamusi aliposikia akaacha spana chini. Baba yake yuko gereji upande wa pili wa mji, na akiwa chini ya lori hapokei simu. Nikampigia Mjomba. Akaja na lile lililokuwa karibu na lango, la kijivu. Mwanamke wa redioni hakunyamaza hata dakika moja. Kamusi alikuwa kiti cha nyuma, machozi na kicheko vimemjia pamoja, anatafsiri: anasema tukate kulia. Mjomba akakata kushoto, akamwambia yule mwanamke kwamba hapa si kwao.

Baba alivutwa kutoka chini ya lori, uso umejaa mafuta. Mjomba akampa mkono. Akahisi kitu. Akautazama ule mkono aliokuwa ameushika. Kisha akanitazama mimi, na hakuondoa macho. Bora angenipiga.

Tulifika saa tisa kasoro dakika nne. Baba alisaini taratibu, kalamu imeshikwa na dole gumba na vidole viwili vilivyobaki. Mratibu alimsubiri mpaka akamaliza kuikokota herufi ya mwisho, ile ile iliyoleta balaa. Ndipo akatuma faili.

Naandika hapa ili nisije nikadhaniwa nimelegea: yote haya nimeyafanya kwa mkakati. Mtu aliyeko Japani akikukumbuka kwa wema, huo ni mtaji.

Jumapili, 30 Machi

Mama amemwita Kamusi, akamsimamisha juu ya kigoda, akamvika koti langu. Nikasema koti ni langu. Mama akanikabidhi pini nishike.

Kamusi akasema jamani mama, siwezi kulipokea. Mama akamwambia asimame wima. Akapunguza mabega, akapandisha mikono, akamwonyesha mfuko wa siri. Kamusi akatia mkono humo, akagusa lile blanketi kwa ndani, akanitazama. Nilikuwa nimebana pini tatu kwa midomo, kwa hiyo nilimjibu kwa nyusi.

Baadaye, tukinywa chai mlangoni, nikamwambia kwamba tangazo nililichana mimi. Akasema alijua. Kipande cha kijani kilikuwa kinachungulia kwenye daftari langu siku ile ile. Nikauliza basi kwa nini alininakilia masharti. Akafikiri. Akasema darasa zima mtu mwingine aliyekuwa anaitaka ile nafasi kwa nguvu kiasi hicho hakumwona, na peke yake alikuwa anaogopa.

Kisha akanifundisha maana ya sentensi zangu zote, moja baada ya nyingine. Ya sita inasema mlango wa nyuma haujafungwa vizuri. Na mimi nilikuwa naisema kwa hisia sana, ile.

Siku njema. Nahisi nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Jumatano, 2 Aprili

Habari kubwa! Mratibu ameniita. Kwa kuwa Kamusi anakwenda huko, wao nao wanamleta mwanafunzi wao hapa, na inatafutwa familia ya kumkaribisha miezi mitatu. Awe na chumba chake, nyumba iwe tulivu, na pawe na kijana wa kumzoesha lugha.

Nimeshaona mbali. Ukiishi na Mjapani nyumba moja, unajifunza Kijapani hata ukiwa unapiga mswaki. Mwakani nafasi si ya mtu mwingine. Nikajaza fomu pale pale, nimesimama. Vyumba: vitano. Bustani: ipo. Kelele: hakuna.

Sisi tuna vyumba viwili na cherehani.

Mratibu akasema vizuri sana, Ijumaa saa nne atakuja kuikagua nyumba. Nikampa anwani. Si ya kwetu, bila shaka. Ni ya yule daktari wa meno wa mtaa wa juu, mwenye nyumba ya ghorofa. Amesafiri na mkewe mpaka mwisho wa mwezi, na mlinzi wao tunasalimiana vizuri. Nimefikiria kila kitu. Safari hii hakuna tundu hata moja.

Kilichobaki ni kumweleza Mama kwamba Ijumaa atakuwa na nyumba mpya kwa saa moja, avae lile gauni la harusini, na akiona ngazi asishangae.